Siku Wasiwasi Wangu Ulipopata Mkalimani

Kilichoninyima usingizi usiku ule ni kitu ambacho hata kukitaja naona aibu: nilikuwa najiuliza kama nipunguze rangi za skrini au niziache. Ndiyo, rangi. Wenzangu wa rika langu wanakosa usingizi kwa sababu ya mapenzi, mimi nimelala chali Lanet napima ubora wa picha upande huu na kasi ya intaneti upande ule, nageuka, napima tena. Na kwa vile nimeshaanza kujianika wacha nimalizie kabisa: kesho yake watu wa Rongai walicheka hadi wengine wakatoka nje kujifuta machozi, na aliyekuwa akichekwa ni mimi.

Nilimaliza chuo, kozi ya kompyuta, nikakaa nyumbani hadi mama akaacha kuniuliza habari za kazi (afadhali kuulizwa, niamini), kisha ushirika mmoja wa maziwa kule Rongai ukanichukua kwa majaribio. Kazi nilikuwa naifanyia chumbani kwangu Lanet. Kompyuta yao iko ofisini Rongai, mimi nina programu kwenye laptopu inayonionyesha skrini yao na kuniruhusu kuifanyia kazi kana kwamba nimekaa pale pale, nikibonyeza huku inafunguka kule, nikiandika huku herufi zinatokea kule. Ni kitu kizuri sana intaneti ikiwa nzuri. Ikiwa mbaya, lazima uingie kwenye mipangilio uipunguzie mzigo.

Jumamosi hiyo ulikuwa mkutano mkuu wa wanachama, na ajenda ya tano nilikuwa mimi, yaani kama nitaajiriwa kabisa au nitaambiwa asante. Mtu mwenye akili zake angevaa vizuri, aende Rongai, asimame mbele ya wanachama waone uso wake. Mimi nilifikiria huko kusimama, nikampigia katibu, Mama Wambui, nikamwambia nitawaendeshea kurasa za mkutano kwenye projekta nikiwa Lanet, eti ndio mtindo wa siku hizi.

"Sawa tu, msichana wangu," akasema. "Bora isituzimikie mbele ya wazee."

Basi asubuhi nikaamua: ubora. Rangi zote, picha safi, nione kila nukta. Lakini Jumamosi watoto wa ploti yetu hawaendi shule, wifi ni moja ya landlodi, na kila mlango una katuni. Kule Rongai nako intaneti inatoka kwa modemu waliyoiweka dirishani ili ishike netwaki. Skrini ya ushirika ikaanza kunifikia vipande vipande, nusu ya juu ni ya sasa, nusu ya chini ni ya dakika zilizopita, na kishale nakisogeza kinakataa, nikishakata tamaa ndipo kinaruka.

Nikaingia kwenye mipangilio. Nikashusha ubora. Nikapunguza rangi, vichwa vya ajenda vya kijani vikawa rangi ya matope. Nikaiambia programu iniletee picha mpya mara chache tu, isijichoshe. Nikaondoa ile picha ya nyuma ya skrini, ambayo ilikuwa ya ng'ombe wa mwenyekiti aliyeshinda kwenye maonyesho ya wakulima (nilidhani itaondoka kwangu tu, kumbe imeondoka kule pia, maana simu nilikuwa nimeiacha wazi ili niwasikie, nikasikia mzee akiuliza, "Na ng'ombe ameenda wapi?"). Mwisho, mwenyekiti alipoanza hotuba yake, nikaona hapa sina kazi kwa muda, wacha niweke alama kwenye sehemu ya kutazama tu, nisije nikagusa kitu kwa bahati mbaya. Nikabonyeza. Menyu ikaganda. Nikabonyeza tena.

Hilo la pili ndilo lililonimaliza. La kwanza liliweka alama, la pili likaiondoa. Mimi nikabaki naamini mlango umefungwa, kumbe nimeufungua mwenyewe.

Sasa mniruhusu niwaeleze mkutano wa Rongai unavyoendeshwa. Wanachama wengi wanaketi mbali na miwani wameacha nyumbani, kwa hiyo chochote kikitokea kwenye skrini Mama Wambui anakisoma kwa sauti, hadi koma. Akishasoma, Mwalimu Koech, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, anakitafsiri kwa Kikalenjin kwa ajili ya wazee na akina mama wa pande za juu. Mama Wambui alikuwa mbali na simu, nilikuwa namsikia kama mtu anayeongea ndani ya tangi. Mwalimu Koech alikuwa kando ya simu kabisa. Na Kikalenjin ndicho tulichoongea kwetu tangu nizaliwe.

Nikafungua kidirisha cha ujumbe nimwandikie rafiki yangu Atieno, anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na ambaye Jumamosi hujibu akipata nafasi. Lakini kabla ya kuandika nikabonyeza kidogo kwenye skrini ya ushirika, kuona kama imeamka. Haikuamka. Nikaanza kuandika. Mimi (msicheke, nina digrii) huandika nikiangalia vitufe.

Nikaandika: Atieno nimeogopa hata chai haishuki.

Baada ya muda nikamsikia Mwalimu Koech akisema kwa Kikalenjin kizito kwamba yeye ameshikwa na hofu, koo limefunga kama la ndama aliyekwamwa na gunzi la mahindi, hata chai imekataa kupita. Nikashangaa. Nikadhani kuna mwanachama amesimama kutoa malalamiko. Nikamwonea huruma kwelikweli.

Nikaandika: Kuna mtu huku anaogopa kuliko mimi, maskini.

Mwalimu Koech akatangaza kwamba miongoni mwetu yupo mwenye hofu kubwa zaidi na tumhurumie. Ukumbi ukacheka.

Nikaandika: Wanamcheka! Hawa watu hawana roho.

Wakacheka zaidi, nikasikia viti vikikwaruza sakafu, na mama mmoja akisema, "Wuui, nishikieni mtoto." Na mimi Lanet, na hasira zangu za kumtetea mnyonge, nikaendelea: Mwenyekiti naye anazunguka tu kama ng'ombe wake amepotea, si afike ajenda ya tano tujue moja. Na hata wakinipa hiyo kazi, ukweli sijui kama naiweza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilimsikia Mama Wambui akisoma ndani ya tangi lake, polepole, hadi mwisho. Nikasubiri sauti ya Mwalimu Koech. Haikuja. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwalimu Koech alikuwa na kitu cha kutafsiri na hakukitafsiri.

Ndipo picha mpya ikafika.

Chini ya ajenda ya tatu, Ripoti ya Mtambo wa Kupoza Maziwa, kulikuwa na maneno yangu yote, mstari kwa mstari, kwa herufi kubwa nilizozichagua mwenyewe ili wazee wasome vizuri. Kidirisha cha Atieno kilikuwa kitupu: ule mbonyezo wa kujaribu kama skrini imeamka ndio uliopeleka maandishi yangu kule.

Mtu mtulivu angepumua. Mimi nilikamata kitufe cha kufuta. Skrini haikubadilika, nikadhani hakijashika, nikakikandamiza, nikakaribia kukikalia kwa mwili wote. Kumbe kule kilikuwa kinafuta kila kitu kwa bidii: maneno yangu, mtambo, ajenda ya pili, ajenda ya kwanza, maombi ya kufungua. Projekta ikabaki na ukurasa mweupe, na mwenyekiti nikamsikia vizuri kabisa:

"Sasa ametufuta sote."

Ukumbi ulilipuka. Halafu nikasikia simu ikiokotwa mezani.

"Msichana. Uko hapo?" Alikuwa mwenyekiti.

"Niko, Mzee."

"Uko wapi?"

"Lanet, Mzee."

"Sisi tuko Rongai. Ajenda yako tutaifanya tukishakula. Sasa tutaifanya na nani?"

Akakata.

Nilikaa kitandani nikaanza ile kazi ninayoijua zaidi. Nikienda, watasema nimekuja kuomba msamaha ili nipewe kazi. Nisipoenda, watasema ni kweli siiwezi. Labda nitume ujumbe mrefu wa kujieleza. Labda nipige simu. Labda nimuulize Atieno, na nikawa nimeshaweka vidole kwenye vitufe, herufi ya kwanza ikiwa tayari, nikajiona. Nikafunga laptopu. Sikuizima, niliifunga tu, nikavaa viatu, nikatoka kabla kichwa hakijapata wazo lingine.

Nilishuka matatu Rongai wakiwa wananawa mikono. Nilidhani nitaingia polepole nikae nyuma, lakini mathe mmoja aliyekuwa anagawa wali aliniangalia juu hadi chini, akasema kwa sauti ya soko, "Ni wewe? Chai imeshuka?"

"Bado, mama."

"Basi anza na nyama."

Sikula. Ajenda ya tano ilipofika, mwenyekiti, mtu mwembamba, kofia mkononi, aliniita mbele, na kwa kweli hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayemtazama mnyama sokoni, anataka kujua anatembea vipi.

"Hayo ya kuzunguka tutaacha," akasema. "Hata mke wangu husema." Wakacheka. Yeye hakucheka. "Lakini uliandika hujui kama kazi unaiweza. Watu hapa wanaamka na giza kukamua. Rekodi zao zikipotea, ni jasho lao limepotea. Kwa hivyo nakuuliza mbele yao. Unaiweza ama huiwezi?"

Mama Wambui akanisogezea maikrofoni. Kichwani nilikuwa na jibu refu, lenye "inategemea" tatu au nne. Mdomoni nikakuta dogo.

"Kompyuta ninaziweza, Mzee. Rekodi haitapotea. Kuongea mbele ya watu ndiko siwezi, ndiyo nikajificha Lanet. Mkinichukua, nitafanyia kazi hapa hapa."

Mwalimu Koech akasimama, akatafsiri. Tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno yangu, ilikuwa na mvua ndani yake na ndama wawili, lakini alipofika mwisho aliniangalia, na nikaona hakubadilisha kitu.

Mzee mmoja nyuma akainua fimbo. "Mimi nakubali. Lakini asiandike kitu leo."

Mikono ikainuka. Si yote, ila ilitosha, na mwenyekiti akaniambia niende nikakae.

Tangu siku hiyo sifungui kidirisha cha rafiki kama skrini ya mtu mwingine iko wazi mbele yangu, na kitufe kikikataa kujibu nakiacha kwanza, nahesabu pumzi, maana kukaa kimya si kusema hakijasikia. Atieno nilimweleza yote kwa simu, kwa mdomo, akacheka hadi msimamizi wake akamfokea.

Jumapili baada ya kanisa nilimwambia landlodi wa Lanet atafute mpangaji, nikafunga godoro kwa kamba. Jumatatu pikipiki ya kwanza ya maziwa ilipoingia uwanjani Rongai, ilinikuta nimeshafungua mlango wa ofisi.