Firigisi ya Baba Koku

Kuku wa Marekani hana adabu. Unamweka jikoni, hujamaliza kumenya kitunguu, kashaiva na nyama imeachana na mifupa. Gervas, aliyemaliza maisha yake yote kwenye moto wa jikoni, alikuwa akisema kuku wa namna hiyo hafai kupewa hata mgonjwa. Sasa mgonjwa alikuwa yeye mwenyewe, na mkewe Dorothea alikuwa akizunguka maduka ya University Boulevard akitafuta kuku mzee, mgumu, aliyechoka kutaga. Kwa kuku laini, kokovani haipikiki.

Kokovani ndilo jina ambalo vijana wa jikoni kule Bukoba waliupa mchuzi wa mapadre wa Kifaransa: kuku analazwa usiku mzima ndani ya mvinyo mwekundu, kisha anapikwa polepole na vitunguu vidogo, uyoga, na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Gervas, mmoja wa vijana hao, aliujua vizuri kuliko sala ya jioni. Ofisa mmoja wa ubalozi alimleta Washington kwa ajili ya mkono wake huo. Ofisa muda wake ulipokwisha alirudi nyumbani. Gervas akabaki, akaingia majiko ya hoteli, na Dorothea akapata kazi ya kutunza wazee. Wakapanga chumba na sebule Adelphi, nje kidogo ya Washington, wakazoea baridi, wakanenepa kidogo. Binti yao Koku akabaki Bukoba kwa bibi yake, akakulia huko mpaka akaolewa.

Halafu mwaka ule wa tisini na nane ini la Gervas likaingiliwa na saratani, na yule mwanamume wa kifua kipana akabaki mifupa na macho. Koku alihangaikia viza ya kuja kumwona baba yake, hakuipata. Dorothea alibaki peke yake na mumewe, na chakula kilichokuwa kinarudi jikoni kama kilivyoondoka. Ndizi za kupika, Dorothea alizifuata mpaka mji wa Lanham, Gervas hakuzigusa. Uji, akageuzia uso ukutani. Supu, akasema ina ladha ya misumari.

Nesi aliyekuwa akija kumwangalia, Serah, Mkenya, hakuwa mtu wa kuzungushazungusha maneno. Alimvuta Dorothea kwenye korido akamwambia, "Mama, ile dawa ni kali sana. Mtu hawezi kupewa na hakuli. Nitakuja Sunday mchana nione. Akiwa amekula, hata kidogo, nitaambia daktari tuendelee. Kama hajakula, wanastop."

"Wakistop?"

Serah akamshika bega.

Dorothea hakuhitaji jibu. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee. Alijua dawa ikisimamishwa kinachofuata ni nini. Ndiyo maana Gervas aliposema, macho kayafumba, "Ningepata kokovani," mwanamke yule aliruka utadhani kaitwa mahakamani. Kataka chakula! Kakitaja kwa jina! Akachukua koti akatoka.

Kuku alimpata kwenye duka la Wasalvador, kuku kweli, wa kusumbua kisu. Taabu ikawa mvinyo. Dorothea alikuwa ameokoka. Tangu aokoke hakuwa amekanyaga duka la pombe, na mambo ya mvinyo wa Wafaransa aliyajua kwa kumsikia mumewe tu. Alisimama mbele ya zile rafu ndefu akiomba asitokee mtu wa kanisani. Muuzaji alipomuuliza anataka wa aina gani, akasema haraka, nyekundu, kama ile ya kanisani. Muuzaji akampa. Akaifunga chupa kwenye kanga, akaingia nayo kwenye lifti ya jengo lao, na nani yumo ndani? Edna, kiongozi wa kikundi chao cha maombi.

"Bwana asifiwe, dada! Umebeba nini mpaka umekikumbatia hivyo?"

"Dawa ya Baba Koku," akasema. Na Mungu ni shahidi, hapo hakusema uongo.

Sasa kuna habari ya firigisi, na bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Kwao, firigisi ni ya baba. Ni ya mwenye nyumba, haina mjadala. Dorothea akiwa mtoto aliwahi kudokoa moja kwenye sufuria, na kofi la mama yake analikumbuka mpaka leo. Huku Marekani firigisi hufungwa kwenye karatasi na kusokomezwa tumboni mwa kuku. Mwaka wao wa kwanza alimchemsha kuku na karatasi yake, na Gervas alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipoitoa ile karatasi, firigisi aliila. Mapadre hawakuitia kwenye mchuzi wao. Gervas aliitia, na miaka yote ya ndoa yao Dorothea huichota kwanza, huiweka juu ya wali wa mumewe, ndipo hujipakulia yeye.

Jumapili hakwenda kanisani. Alikaanga nguruwe, akakaanga vitunguu, akamtia kuku na firigisi yake pamoja na ile divai alimolala usiku kucha, akapunguza moto. Mchuzi ulipoanza kuwa mzito akauonja. Ulikuwa mtamu! Mtamu kama jamu ya watoto! Wafaransa hupikia mvinyo mkavu, naye kapikia divai tamu ya meza ya Bwana. Akatia siki, akatia chumvi, akatia pilipili, akaonja tena. Utamu uko palepale. Akalia palepale jikoni, mwiko mkononi, analia bila sauti ili mgonjwa asisikie.

Lakini mgonjwa alisikia harufu. "Mama Koku," akaita. "Nipe shati. Nitakula mezani."

Wiki ngapi hakukaa mezani! Dorothea akafuta macho kwa kanga, akamvalisha lile shati jeupe lililomwelea mwilini, akamshika kiuno wakaenda hatua kwa hatua. Akapakua. Firigisi juu ya wali, kama kawaida. Akakaa mbele yake, mikono kaibana magotini, anakitazama kijiko cha mumewe.

Gervas akachovya ncha ya kijiko kwenye mchuzi, akaweka ulimini. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Dorothea akadhani anatapika. Kumbe anacheka.

"Umepikia divai ya kanisani!"

"Nisamehe, Baba Koku. Sikujua. Nitapika tena, kesho nitapika tena..."

"Acha. Umeshanikomunisha. Padre asihangaike kuja."

Akacheka tena kidogo, na Dorothea naye akacheka huku machozi yanamtoka, na kwa kitambo kile aliamini. Mtu anayetania hafi. Atakula. Anakula sasa hivi.

Gervas akaichota ile firigisi. Mchuzi ukadondoka mezani. Kijiko hakikwenda mdomoni kwake. Kilivuka meza taratibu, kikasimama mbele ya midomo ya mkewe.

"Hapana," Dorothea akasema. "Hiyo ni yako."

"Ni ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni wewe! Gervas, mwenye nyumba ni wewe!" Tangu wazae hakuwa amemwita kwa jina.

"Mkono umechoka, mama. Pokea."

Hakuna alichokiogopa duniani kama kile kijiko. Lakini mkono wa mumewe ulikuwa unaishiwa nguvu, na hakutaka uanguke. Akafungua mdomo. Gervas akashusha kijiko, akasukuma sahani pembeni, akaegemeza kichwa kwenye kiti akafumba macho, kazi yake imekwisha.

Dorothea akatafuna. Ilikuwa ngumu, na tamu, na haikutaka kumezeka.

Mlango ukagongwa. Serah akaingia na mkoba wake, akaona meza, akaona shati jeupe, akaona sahani, uso ukamchangamka. "Ai, mama! Amekula?"

Dorothea akatikisa kichwa. Alimeza kwanza.

"Nimekula mimi," akasema.