Aya ya Mama Chapa

Mtaani walimwita Mama Chapa. Mgeni akidhani ni kwa sababu ya fimbo, wenyeji walimcheka: huyu hachapi mtu, anachapa barua. Kibanda chake cha mabati kilibanwa kati ya kinyozi na fundi viatu. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, mashine ya nakala iliyokoroma kama mzee aliyelala chali, na ukutani cheti cha uhazili kilichofifia hata jina lake likawa la kukisia.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa katibu muhtasi wa mkurugenzi wa kiwanda. Kiwanda kilipofungwa alitoka na vitu viwili, kiti chake na lugha ya ofisi. Kiti kilivunjika mwaka uleule. Lugha ilibaki, na ndiyo iliyomlisha. Watu walimjia na maneno yao yamejikunja kama nguo iliyolaliwa, naye akayapiga pasi. Hakuna karatasi iliyotoka kwake bila "Yah:" kwa herufi nene, wala bila "husika na kichwa cha habari hapo juu".

Ofisi ya vijana ilipotangaza ruzuku ndogo kwa vikundi vyenye miradi ya kuusaidia mtaa, foleni ilifika hadi kwa kinyozi. Katika foleni hiyo alikuwamo binti aliyeitwa Fundi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, alirithi useremala kwa marehemu baba yake, na siku zote alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, na nyie mnataka nini?"

"Kivuko, shangazi. Pale kwenye mtaro, njia ya shule. Mbao tunazo, mikono tunayo. Tumekosa nguzo na vyuma vya kushikilia."

Akampa karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Mama Chapa alisoma: *Mdogo wangu ametumbukia mtaroni mara mbili. Mara ya pili tulichoona kwanza ni kiatu. Sasa mvua ikinyesha haendi shule, na mama hamlazimishi.*

Mama Chapa akaguna. "Mwanangu, hii ni fomu, si barua ya kwenda kwa bibi. Ofisini hawaandiki habari za viatu."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Niachie mimi. Utakuja kunishukuru."

Akafuta kiatu, akafuta mvua, akamfuta na mama. Mahali pao akaandika: *Kumekuwepo na changamoto ya miundombinu ya kivuko.* Kisha akabandika aya yake, ile aliyoitunga kwa fahari siku ya kwanza ya foleni: *Vijana ni nguvu kazi ya leo na tumaini la kesho, ambao wakiwezeshwa ipasavyo watakuwa chachu ya maendeleo endelevu katika jamii inayowazunguka.*

Fundi aliisoma polepole, midomo ikicheza. "Shangazi, hapa ni mimi ninayesema?"

"Ni wewe, ila umevaa nguo ya sikukuu."

Wiki tatu baadaye vikundi viliitwa kwenye ukumbi wa mtaa. Mama Chapa naye alikwenda. Hakualikwa, lakini alivaa gauni lake la kijivu la enzi za mkurugenzi, akaketi nyuma, akisubiri kusikia kazi yake ikisifiwa. Afisa wa ruzuku alipandisha miwani kwenye paji la uso, akachukua fomu ya kwanza, akasoma: "Vijana ni nguvu kazi ya leo na tumaini la kesho." Akachukua ya pili. "Vijana ni nguvu kazi ya leo." Alipofungua ya tatu, ukumbi mzima ulimalizia naye, "na tumaini la kesho!" Watu wakacheka hadi madawati yakalia.

Afisa hakucheka. "Fomu tisa, aya moja, hadi koma. Zote tisa nimeziondoa. Na nikimjua aliyeanza kunakili, kikundi chake hakitaomba tena kwa miaka mitatu."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti wa kikundi cha kuzoa takataka, kijana waliyemwita Spika kwa wingi wa maneno, akasimama. "Mimi namjua. Fundi alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, shingo ndefu kama twiga, anachungulia fomu yangu."

"Nichungulie nini kwako wewe? Hata jina lako unaliandika kwa kuuliza!"

"Basi sema umeitoa wapi!"

Fundi akageuka nyuma, akamtazama Mama Chapa. Hakumnyooshea kidole. Alimngoja tu, kama mtoto aliyepotea sokoni anavyomngoja mkubwa aseme huyu ni wangu. Mama Chapa akainama, akashughulika na kifungo cha mkoba wake. Kilikuwa kimefungwa. Akakifungua, akakifunga tena. Alipoinua uso, afisa alikuwa ameshaandika jina la kikundi cha Fundi kwenye daftari lake, na Fundi alikuwa ametoka.

Asubuhi yake Mama Chapa alifungua kibanda, akajaribu kuandika barua. *Yah: kasoro za kiuchapaji. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kumejitokeza kasoro...* Akasimama hapo. Kumejitokeza. Kasoro gani hiyo iliyojitokeza yenyewe, kama uyoga? Alikumbuka orodha ya mwisho aliyoichapa kiwandani. *Zoezi la kupunguza wafanyakazi limefanyika*, na jina lake lilikuwa la saba. Katika lugha ile yote hapakuwa na mtu aliyefanya jambo. Yeye aliipenda hivyo hivyo, akawavisha watoto wa watu.

Alizima kompyuta, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya vijana.

"Umeleta barua, mama?" afisa aliuliza.

"Sina. Nimeleta mdomo. Ile aya ni yangu. Niliwawekea wote tisa. Yule binti wa kivuko aliandika yake, nzuri, nikaifuta."

Afisa akalivuta daftari lake. "Kwa nini hukusema jana? Ulikuwepo, nilikuona."

"Niliona aibu."

"Na leo?"

"Leo naona zaidi."

Afisa alichukua kalamu, akalikata jina la kikundi cha Fundi. Akasema fomu zitapokelewa upya hadi Ijumaa, kwa mwandiko wa waombaji wenyewe, na kwamba atabandika tangazo, tena lenye sababu. Mama Chapa alijibu kwamba ndiyo haki. Alidhani hivyo, mpaka alipolikuta tangazo kwenye mlango wa ukumbi, na watu wamelizunguka: *kwa kosa la mchapaji*. Walimpisha apite, naye akatamani wangemzuia.

"Mama Chapa!" kinyozi alimpokea, mkasi mkononi. "Leo umechapwa wewe!"

Mteja kitini akacheka. Mama Chapa akajaribu kucheka nao, akaingia kibandani mwake.

Siku tatu hakuingia kijana hata mmoja. Aliwaona ng'ambo ya barabara, wameketi kwenye ukuta mfupi, fomu magotini, wanaandika, wanafuta, wanagombana. Spika alikuwa anamsomea Fundi sentensi, na Fundi anatikisa kichwa. Mara mbili Mama Chapa aliinuka aende kumwomba msamaha. Mara zote mbili aliishia mlangoni.

Ijumaa Fundi aliingia mwenyewe, fomu kifuani.

"Shikamoo."

Hakuongeza shangazi.

"Marahaba, mwanangu. Nilitaka..."

"Nakala mbili," Fundi alisema. "Na usisome."

Mama Chapa alizipokea kurasa kwa ncha za vidole. Mashine ile haikuhitaji kuambiwa, karatasi hulazwa kifudifudi juu ya kioo. Akazilaza moja moja, akiangalia ukutani, pale kwenye cheti kisichosomeka. Mashine ikakoroma, ikatoa kila kitu kama kilivyoandikwa. Nakala zilipotoka zikiwa zimeelekea juu, aliweka kiganja juu ya maneno, akazigeuza, akampa.