Mjukuu Aliyeishia Puani

Miaka ya mwanzo ya intaneti, katika ofisi moja ya kompyuta pale Mkuyuni, waya wa simu ya mezani ulichomekwa kwenye kompyuta ili kuleta intaneti. Bibi mmoja alingoja picha ya mjukuu aliyezaliwa ng'ambo. Alitaka kujua kafanana na nani.

Picha ilishuka taratibu, kama kisiwa kinachojitokeza ukungu ukipungua ziwani. Paji la uso. Kisha macho.

"Ya marehemu babu yake," alinong'ona bibi, akainua mkono wa simu. "Hujambo, mume wangu?"

Picha ikakomea puani.

"Bibi! Ukiinua simu, intaneti inakatika!" alilalamika dada wa ofisini.

"Mwanangu, mume ananitazama, nami ninyamaze?"

Tuliokuwa kwenye foleni tulikuwa na haraka zetu, lakini tulimpisha bibi aanze upya.