Dishi la Mama na Njia ya Basi la Dar

Majuzi kijana mmoja alikuja kunifungia dishi hapa nyumbani. Dishi lenyewe dogo, kama sinia la pilau. Akatazama simu yake, akaligeuza kidogo, akakaza, akaomba maji ya kunywa. Chai niliyombandikia ilikuwa haijachemka. Akaondoka, nikabaki nimesimama uani kama mtu aliyepunjwa. Ndiyo basi? Hata kelele hakuna?

Rafiki yangu, wewe hukuliona dishi la mama yangu kule Nachingwea, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili. Mtu mzima angeweza kujikunja ndani yake akalala. Mama alilinunua Ruangwa, pamoja na runinga yake, kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa anahama, kwa hela yote ya ufuta wa shamba letu la Mandawa. Lilikuja juu ya lori la magunia, limefunguliwa vipande, boliti zake zimetiwa ndani ya soksi. Fundi hakuwemo kwenye bei.

Shangazi zangu walisema wifi yao amechanganyikiwa. Lakini nyumbani sababu tuliijua: baba. Baba alikuwa mtu mwema, mtu wa mikorosho yake na swala zake, ila kila jioni akishakunywa chai alikwenda banda la video karibu na soko, akirudi sisi tumeshalala. Mama hakugombana naye. Alisema tu, "Kama anafuata picha, nitamletea picha. Kama si picha, nitajua." Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Alichimba shimo mwenyewe, akasimika bomba, akakoroga zege kwenye karai, kisha akawa analinyunyizia maji asubuhi na jioni kama mchicha. Lilipokauka, akalipandisha dishi kwa msaada wa jirani yetu muuza mitumba. Mimi nikapewa kazi ya ndani: kutazama runinga na kusema ninachokiona, picha au zile chenga nyeupe. Ilinifaa sana. Mama aliniita Kobe kwa jinsi nilivyopenda kukaa ndani. Wenzangu wakienda kuokota korosho, mimi nilibaki kulinda mkeka usiibiwe.

"Kobe! Vipi huko?"

"Chenga!"

"Na sasa?"

"Chenga tupu!"

Jirani, ambaye alisikilizwa kwa kuwa alifuata mzigo Dar kila mara, akatoa uamuzi. "Shemeji, picha zinatoka Dar. Zitapita wapi kama si njia ya Dar?" Hakuna aliyebisha. Likageuzwa kule linakopotelea basi la Dar asubuhi, likainamishwa kabisa, likatazama barabara kama mwenyeji anayesubiri mgeni. Chenga. Jirani akasema labda picha zimekwama njiani, kwenye matope ya Somanga, kama mabasi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Aliposimama hakuwa anacheka tena. Adhana ya alasiri ilikuwa imepita. Baba angetoka msikitini, anywe chai, aende zake.

Jirani naye akaenda kufungua biashara yake. Mama akalegeza boliti zote ili aanze upya, na hapo hapo harufu ya mbaazi zinazoungua ikatoka jikoni.

"Kobe, epua chungu!"

Alipogeuka kuniita, dishi likamponyoka, likamlalia begani, uso juu angani, upande wa mawio. Ndani, chenga zikafifia, akatokea bwana mmoja mwenye tai anasoma habari.

"Imekuja! Mama, usisogee! Usipumue!"

"Chungu!"

"Kiungue!"

Basi akasimama hivyo, amelikumbatia. Spana ilikuwa chini karibu na miguu yake, lakini akiinama tu, bwana wa tai anapotea. Nami kutoka nje, unanijua.

Baba akaingia, akaona runinga, akakaa taratibu kama anayeogopa kuiamsha. Baada ya muda akauliza, "Mama yako yuko wapi?"

"Ameshika picha."

Akaenda dirishani. Akasimama pale muda mrefu, habari zikisomwa nyuma yake. Kisha akatoka.

"Mama Kobe, umesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Kanywe chai yako uende."

"Niende wapi?"

"Unakokwendaga."

Halafu nikasikia spana inauma boliti.

Jioni ile baba alikula mbaazi zilizoungua, akazisifu kama karamu. Banda la video likamsubiri mpaka likazoea kumkosa. Upepo wa kiangazi ukilisukuma dishi, aliyetoka kuligeuza alikuwa yeye, na mama akaninyang'anya kazi yangu ya ndani.

"Bado!" alikuwa anapaza sauti. "Kulia kidogo, baba Kobe!" Na picha iko safi kabisa, sauti nayo imerudi. Mimi namtazama, yeye anajiwekea kidole mdomoni ili ninyamaze, huku baba anazunguka bomba anahema.

Baba hatunaye tena. Pale palipokuwa na banda wanauza simu, na picha za siku hizi hazimhitaji mtu nje wala mtu ndani. Kila mmoja ana yake mkononi, kimya. Mama bado hucheka akikumbuka alivyokuwa akimdanganya mumewe. Sijawahi kumwambia ninavyofikiri: runinga yetu ilikuwa na sauti kubwa, na dirisha halikuwa na kioo. Baba alikuwa anasikia kila kitu.