Msomaji Mpya wa Amri za Mwalimu Leodegar

Gladness ni fundi wa kompyuta, amepanga chumba Majengo, na mjini Moshi anajulikana kwa jambo moja: mashine akiigusa inakwenda mbio. Hata chai huinywa amesimama.

Kule Kibosho, kituo cha maziwa cha kina mama kilitumia programu ya Mwalimu Leodegar, mstaafu, aliyeiandika miaka kumi na tano iliyopita bila kudai hata asante. Kila jioni programu ile ilitoa amri ya kuwasha tangi la kupoza. Haikuliwasha yenyewe. Iliikabidhi amri kwa mkalimani, yaani programu nyingine ndani ya kompyuta, ambayo kazi yake ni kusoma amri na kuzitekeleza. Mwalimu alipenda kuandika kwa mikato, maneno ameyafupisha, na mkalimani yule alikuwa ameizoea.

Mwezi wa saba Gladness akaweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya kituo, na ndani yake mkalimani mpya: mwepesi, mkali, asiyeijua mikato ya zamani. Programu ya Mwalimu hakuigusa hata herufi. Aliiona inafunguka upesi, akaridhika, akashuka zake mjini. Kujaribu amri moja moja? Wee! Nani ana muda huo?

Basi ikawa kila jioni mkalimani mpya anapokea amri, haielewi, anaitupa. Programu nayo haikusubiri jibu, ikaandika tu kwamba tangi limewaka. Na kwa kuwa Kibosho mwezi huo ni ukungu na baridi ya kung'ata, maziwa yalifika asubuhi yakiwa mazima, hakuna aliyeshtuka. Wiki tatu nzima! Kisha jua likawaka siku mbili mfululizo. Tangi lilipofunguliwa, loo, harufu! Maziwa ya kaya arobaini yakamwagwa migombani.

Gladness alipanda, akaliona kosa ndani ya nusu saa. Alimrudisha mkalimani wa zamani asome amri za programu za zamani, yule mpya akabaki na programu mpya zinazomwita kwa jina. Tangi likaunguruma. Lakini kina mama aliwaambia maneno machache tu: "Programu ilikuwa ya zamani."

"Nilisema mimi!" akadakia Justina, mwenyekiti wao. "Huyu mzee wetu ametuponza."

Gladness aliona aibu, na aibu ikamfunga mdomo wiki nzima.

Jumapili baada ya misa walikutana kituoni kulizungumza jambo lile, Gladness naye akiwapo. Mwalimu Leodegar akaingia, kofia kwapani, mkononi jani la isale. Uchaggani anayekuletea isale amekiri kosa na anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia. Mzee wa miaka sabini na sita akaanza kuinama mbele ya wanawake aliowafundisha kusoma.

"Wanangu, maziwa yenu yamemwagika kwa sababu yangu..."

"Hapana, Mwalimu!" Gladness alikuwa ameshamfikia. Akalichukua lile jani mkononi mwake, akapiga magoti mbele ya Justina. "Amri zake hazikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyembadilisha anayezisoma, na sikujaribu kitu. Nisameheni."

Justina alimtazama sana, kisha akalipokea jani.

Mwalimu alibaki amesimama, macho yamemjaa machozi.

"Kumbe," akasema. "Wiki nzima sijalala, natafuta mahali nilipokosea."