Uso wa Kijani wa Febronia

Febronia alipika pombe ya mtama pale Ushirombo, mwanamke wa mabega mapana na ulimi usio na breki. Mwaka 1974 Ansgar, kijana wa jirani aliyekwenda kusomea uchoraji, alirudi na ndevu. Parokia ikamwomba amchore Maria Magdalena. Akazunguka mji akitafuta sura, akatua kwa Febronia.

"Shikamoo, mama. Nataka uso wako."

"Marahaba. Uchukue, ila urudishe mapema, nina wateja."

Picha ilipofunuliwa kanisani baada ya misa, waumini waliguna. Uso ulikuwa kijani kama embe bichi. Mikono ilizidi kichwa kwa ukubwa. Gauni lilikuwa jekundu, na nyuma yake njano tupu, bila nyumba wala mti. Mdomo ulikuwa wazi.

Katekista Apolinari akajitwika kazi ya kufafanua. "Kijani ni matumaini. Nyekundu ni dhambi zake. Mikono mikubwa ni toba. Na mdomo huo, ndugu zangu, unalia."

"Unalia wapi?" akadakia Paskazia, mkunga. "Huyo ana uchungu wa kuzaa. Midomo ya hivyo naijua."

"Nyongo hiyo," akasema mzee mmoja. "Apelekwe hospitali."

Wote wakamgeukia Febronia.

"Nilikuwa napiga miayo," akasema. "Nilikalishwa kutwa nzima, hata chai sikupewa."

Kanisa likaangua kicheko. Paroko naye alicheka, halafu akaamuru picha iondolewe.

Nje, Ansgar alikuwa amevimba macho. "Sikuchora miayo, mayu," akamwambia Febronia, akimwita mama kwa Kisukuma. " Nilichora nilichokiona ulipodhani sikutazami."

Febronia alijitwika ile picha, akaenda kuitundika kilabuni kwake, ambako walevi waliijadili kwa ufasaha kuliko katekista.

Alasiri moja Paskazia alimkuta Febronia peke yake, amesimama mbele ya picha.

"Tazama njano yote hii," Febronia alisema. "Hakuna hata mlango. Huyu mtu anaita, na hakuna wa kumwitikia."

"Anamwita nani?"

"Jilala." Huyo alikuwa mumewe, aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita miaka mingi nyuma, akanyamaza jumla.

"Na akiitika?"

"Nitamtukana mpaka akome."

Wiki iliyofuata alifunga kilabu, akapanda basi. Huko Geita aliulizia shimo kwa shimo, mpaka akamkuta Jilala mzima wa afya, kanenepa, ana mke mwingine na jino la dhahabu. Febronia alisimama juu ya kifusi, akamtukana kwa Kisukuma na Kiswahili, na pale maneno yalipopungua akaongeza Kilatini cha misa. Wachimbaji waliacha sururu wakamsikiliza. Jilala alijificha shimoni, akagoma kutoka.

Febronia alirudi Ushirombo amekaukiwa sauti. Alimwita Ansgar kwa mkono, akamkalisha mbele ya ile picha, akamjazia kibuyu.

"Pole, mayu," Ansgar alisema. "Unaumwa?"

Alitikisa kichwa, akamwonyesha anywe, kisha akalala usingizi mzito kwenye benchi, wateja wakajihudumia wenyewe.