Kiapo cha Mkunga Toda

Toda alikuwa mkunga wa mji wa Jaka kwa miaka thelathini, na hakukubali kuambiwa amekosea, hata na askofu. Lakini asubuhi ile askofu alimwita kanisani kutoa ushahidi, naye alisita mlangoni.

Bwana wa Atare alitaka mwanawe amwoe binti wa mfalme. Mfalme hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mume wa binti ndiye angerithi kiti. Ndoa ikifungwa, vita vya miaka minne baina ya Bwana huyo na mfalme vingekwisha, na Galindo, mwana pekee wa Toda, angeshuka kutoka ngomeni alikokuwa askari. Isipofungwa, wangeuana tena.

Kizuizi alikijua Toda peke yake. Binti yule alizaliwa wa bluu, hana pumzi. Kasisi alikuwa mbali, malkia amezirai. Toda alimbatiza mwenyewe, na aliyemshika mtoto maji yalipomwagwa ni mke wa Bwana wa Atare, sasa marehemu. Huyo basi alikuwa mama wa ubatizo, na kwa sheria ya Kanisa mwanawe ni ndugu wa binti. Na ndugu hawafungishwi ndoa.

"Bibi, nani alimshika mtoto?" karani wa askofu aliuliza.

"Unaniuliza kama vile kazaa ng'ombe!"

Watu walicheka. Askofu hakucheka. "Mama Toda, weka mkono juu ya mfupa wa mtakatifu, ujibu."

Jirani yake Oria alimfinya. "Shoga, sema upesi. Watoto wetu wanaoza kule juu."

Toda aliweka mkono.

"Nilimshika mimi. Mkono huu mtoto, huu maji."

"Hapakuwa na mwingine?" askofu aliuliza.

"Ungekuwapo ungeona."

Akaapa.

Harusi ilikuwa Jumapili. Toda alipika dengu na nyama ya nguruwe, lakini yeye hakugusa sahani yake. Kila kengele ilipolia alidhani wamegundua. Jumatano Galindo aliingia, amekonda, akala bakuli mbili amesimama.

"Kaa, mwanangu."

"Siwezi, mama. Bwana harusi sasa ana majeshi mawili, la baba yake na la mkwewe. Tunakwenda kusini, anataka na ngome za huko."

"Si vita vimekwisha?"

"Vile, ndiyo. Anasema Mungu kaibariki ndoa yake, basi asilale."

Toda alimkamata kola. "Mwambie bwana harusi huyo mkunga aliapa uongo, na anataka kumwona."

"Mama, atakunyonga!"

"Wewe mwambie tu."

Galindo alimbusu kwenye paji la uso, akatoka. Toda alivaa shela yake ya sikukuu, akakaa kungoja kuitwa. Tarumbeta zililia, jeshi likapita lote, na hakuna aliyekuja kubisha hodi.